Jua Kali na Jua la Utosi: Uhakiki wa Istilahi za Mwanga katika Maelekezo ya Wagonjwa wa Lupusi

UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno machache yanayotumiwa katika Kiswahili kumweleza mgonjwa wa lupusi jinsi mwanga unavyoidhuru ngozi yake. Maneno yenyewe si mengi, na baadhi yake hayadhaniwi kuwa ni istilahi hata kidogo: jua kali, kuungua, mzio, wekundu, mionzi. Ni maneno ya kila siku, na huenda hiyo ndiyo sababu hayajapata kuangaliwa kwa makini. Mfasiri aweza kukesha akitafuta jina la sehemu ya seli, kisha akaandika jua kali bila ya kuinua kalamu. Tutajaribu kuonyesha kwamba neno hilo rahisi limewadhuru wasomaji kuliko istilahi ngumu iliyo jirani yake, na kwamba neno bora zaidi lilikuwamo tangu zamani katika lugha yetu.

Mifano yetu tumeichukua Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko ulikotufikia mkasa uliotusukuma kuandika. Pili, hali ya hewa ya huko inaupima usahihi wa maneno haya kwa namna ambayo Dodoma au Shinyanga isingeweza kuupima.

KIPEPERUSHI NA MSOMAJI WAKE

Katika safari moja ya kikazi tulipewa kipeperushi cha kurasa nne kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, ili tukitolee maoni. Sarufi yake ilikuwa safi na tahajia yake sanifu. Kilimtaka mgonjwa wa lupusi aepuke jua kali, hasa baina ya saa 10 na saa 4. Kilimwambia kwamba ngozi yake ina mzio wa jua, na kwamba akiungua ataona wekundu mashavuni wenye umbo la kipepeo.

Tulimkuta dada mmoja, mkulima wa Muleba, aliyekuwa amekisoma kipeperushi hicho mara nyingi hata kikachakaa kwenye mikunjo. Alikuwa amekitii. Siku za joto alishinda ndani ya kibanja, chini ya migomba. Siku za mawingu na upepo wa ziwani alipanda rweya, yaani mbuga ya majani iliyo wazi nje ya vibanja, kukata nyasi na kulima karanga. Upele wa usoni ulizidi, kisha viungo vikaanza kuuma. Alipoulizwa kama aliepuka jua kali, alijibu kwa mshangao: "Ndugu yangu, hapa kwetu jua kali liko siku ngapi kwa mwaka?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Dada huyu hakukaidi maelekezo, wala hakukosa kuyaelewa. Aliyaelewa kama Kiswahili kinavyotaka yaeleweke. Kosa lilikuwa katika neno.

MWANGA NA NGOZI: JAMBO LENYEWE

Kabla ya kulihukumu neno yafaa kulijua jambo linalotajwa nalo.

Lupusi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu vya nje, huugeukia mwili wenyewe. Huweza kushambulia ngozi, viungo, figo, damu na hata ubongo. Kati ya wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa katika umri wa kuzaa. Hauambukizi.

Mwanga wa jua una sehemu tuionayo, tangu nyekundu hadi urujuani, na sehemu mbili tusizoziona. Ya kwanza iko chini ya nyekundu, nayo ni infraredi, ambayo ngozi huihisi kuwa joto. William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa kipimajoto. Ya pili iko kupita urujuani. Johann Wilhelm Ritter aliigundua huko Jena, Ujerumani, mwaka 1801, alipoona kwamba chumvi ya fedha iliyowekwa nje ya ukingo wa urujuani, mahali pasipoonekana mwanga wowote, ilifanya weusi upesi kuliko mahali pengine. Hiyo ndiyo tunayoiita urujuanimno. Tangu siku hizo za mwanzo, basi, ilijulikana kwamba moja ya sehemu hizi hupimwa kwa joto, na nyingine kwa mabadiliko iletayo katika vitu.

Miale ya urujuanimno inapopenya ngozi huua baadhi ya seli za juu. Kwa mtu mzima wa afya mabaki ya seli hizo huondolewa bila ya mwenyewe kujua. Kwa mwenye lupusi mabaki hukawia kuondolewa. Vitu vilivyokuwa vimefichika ndani ya seli hujitokeza juu yake, na kinga huviona kuwa ni adui na kuvishambulia. Ngozi huvimba na kutoka upele, na mara nyingine vita vilivyoanzia ngozini huamsha ugonjwa katika viungo au figo. Jambo la kukumbukwa zaidi ni kwamba haya yote hayatokei papo hapo. Upele huweza kuonekana baada ya siku kadhaa, hata majuma. Mgonjwa aliyedhurika Jumatatu huenda asione chochote hadi juma la pili, na kwa hiyo haoni uhusiano wa mambo hayo mawili.

JUA KALI

Katika Kiswahili, jua kali ni jua linalochoma. Ukali wake hupimwa kwa jasho, kwa kiu, kwa mchanga uunguzao nyayo. Kwa maneno mengine, ukali wa jua katika lugha yetu ni habari ya joto. Hakuna asemaye kwamba jua ni kali ilhali anatafuta sweta.

Lakini urujuanimno hauna joto tunaloweza kulihisi. Nguvu yake haifuati joto la siku. Hufuata urefu wa jua angani, mwinuko wa nchi, na unene wa mawingu. Hebu tuitazame Bukoba kwa vipimo hivyo. Mji uko takriban nyuzi 1 na dakika 20 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua lake la mchana hupita juu sana mwaka mzima, na karibu na utosi kabisa mwezi Machi na Septemba. Uko kiasi cha mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na miale hii huongezeka kwa asilimia kama 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Anga ikiwa safi, basi, mtu wa Bukoba hupigwa na urujuanimno zaidi kidogo kuliko mtu wa Dar es Salaam, ingawa yule wa pwani ndiye anayetoka jasho.

Kuhusu mawingu, Bukoba ni miongoni mwa miji yetu inayopata mvua nyingi zaidi, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Mawingu mazito ya mvua hupunguza miale kweli. Lakini mawingu mepesi, yale yanayolifunika ziwa asubuhi na kuufanya mchana uwe wa kupendeza, huweza kupitisha asilimia 80 na zaidi. Yanazuia joto kuliko yanavyozuia madhara. Na upepo wa ziwani hukamilisha udanganyifu huo, kwa kuwa huipoza ngozi bila ya kuukinga mwale hata mmoja.

Hivyo basi, neno jua kali linamwamuru mgonjwa kupima kitu kimoja ili ajikinge na kingine. Huenda Dodoma kosa hili lisionekane, maana huko joto na mwanga mara nyingi hufuatana. Bukoba vitu hivyo viwili huachana, na neno likaachana na ukweli.

Yafaa pia kutazama lugha ya mahali penyewe. Kihaya kina izoba, yaani jua lile lililo angani, na omushana, yaani mwanga wake wa mchana unaotuangukia. Kiswahili hulitumia neno jua kwa yote mawili. Mfasiri anayewaandikia watu wa Kagera angejiuliza ni lipi kati ya hayo mawili analotaka liepukwe, angegundua mara moja kwamba ni la pili, na kwamba la pili lipo hata siku ambayo la kwanza limefichwa na wingu. Hatudai kwamba Kihaya kimewaokoa wasemaji wake na ugonjwa huu. Tunasema tu kwamba tofauti ambayo mtaalamu huieleza kwa taabu, mkulima wa Muleba anayo tayari mdomoni.

Je, Kiswahili hakina neno? Kinalo. Tunasema jua la utosi, tukimaanisha jua lililosimama juu ya kichwa. Neno hili halisemi lolote juu ya joto. Linataja mahali lilipo jua. Na mahali lilipo jua ndipo hasa panapotawala nguvu ya urujuanimno: jua likiwa juu, miale hupita njia fupi katika hewa na katika tabaka la ozoni, jua likiwa chini, hupita njia ndefu na kupunguzwa sana. Ushauri unaotolewa na wataalamu, kwamba mtu atazame kivuli chake na kujihadhari kikiwa kifupi kuliko urefu wake, ni ushauri wa jua la utosi. Wazee waliopima saa kwa vivuli walikuwa na kipimo hiki bila ya kukikusudia.

Atatokea mtu wa kupinga kwamba jua la utosi ni saa sita tu, na hatari ni ya muda mrefu zaidi. Pingamizi hilo ni la haki. Kwa hiyo neno lifuatane na saa zake, jambo linalotupeleka kwenye kosa jingine.

SAA KUMI NA SAA NNE

Kipeperushi kilisema saa 10 na saa 4. Asili ya Kiingereza bila shaka ilitaja saa hizo kwa hesabu ya Kizungu, na mfasiri akazinakili tarakimu kama zilivyo. Msomaji wa Kiswahili, ambaye siku yake huanza jua linapochomoza, anasoma saa kumi ya jioni hadi saa nne ya usiku. Maana yake ni kwamba anaambiwa ajifungie ndani jua linapotua, na kwamba saa sita mchana yuko huru. Maelekezo yamegeuzwa juu chini, na wala hakuna neno hata moja lililofasiriwa vibaya.

Saa zinazokusudiwa ni saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Tarakimu ni zile zile mbili, ila zimebadilishana mahali. Tunaliandika hili kwa urefu kwa sababu tarakimu huaminiwa kuwa hazihitaji tafsiri, na mara nyingi huachiwa mpiga chapa. Kila mhariri wa maandishi ya afya na ayahesabu masaa kwa vidole kabla ya kutia sahihi.

URUJUANIMNO, MIALE NA MIONZI

Tukija kwenye istilahi yenyewe ya kisayansi, urujuanimno imekwisha kuenea katika vitabu, ingawa kiukaurujuani nayo huonekana. Tukizipima kwa maana, ya pili ina haki zaidi. Neno la Kilatini ultra lina maana ya kupita, kuwa ng'ambo ya kitu. Na kukiuka ni kupita mpaka. Kiambishi mno husema kuzidi kwa kiasi, kama katika kupenda mno. Mwanafunzi asiyeonywa atadhani kwamba urujuanimno ni rangi ya urujuani iliyokolea sana, na kwamba akikaza macho ataiona. Kumbe haionekani kabisa.

Hata hivyo hatupendekezi kuing'oa. Istilahi iliyokwisha kuingia darasani ikibadilishwa huleta hasara kubwa kuliko kasoro yake. Tunapendekeza ifafanuliwe kila inapotajwa mara ya kwanza kwa msomaji wa kawaida: mwanga usioonekana, uliopita rangi ya urujuani. Na kwa kuwa urujuani, neno lililotoka Uarabuni, si maarufu kama zambarau, hakuna ubaya kuliongeza hilo la pili pembeni.

Jambo la hatari zaidi ni mionzi. Katika masikio ya wananchi, mionzi ni ya eksirei na ya tiba ya saratani. Mgonjwa aliyeambiwa aepuke mionzi ya urujuanimno aweza kushika neno la kwanza na kuliacha la pili, kisha akakataa kupigwa picha ya kifua anayoihitaji. Kwa upande mwingine, mwale ni kitu cha jua na cha taa, nalo ndilo neno lipasalo hapa. Mionzi ibaki kwa wanafizikia.

Aidha, si vema kusema miale ya jua pekee, kana kwamba jua ndilo chimbuko la pekee. Mwali wa fundi wa kuchomelea vyuma hutoa urujuanimno mkali. Na Bukoba kuna jambo lisilo katika kipeperushi chochote cha ng'ambo: msimu wa senene. Watu hukesha karibu na taa zenye nguvu zilizowekwa kuwavuta wadudu hao, na baadhi ya taa za aina hiyo, hasa zile za zebaki, hutoa urujuanimno. Mwanga huo huwavuta wadudu wengi. Mgonjwa aliyejihadhari mchana kutwa aweza kudhurika usiku akisubiri kitoweo, hasa ikiwa kioo cha nje cha taa kimevunjika. Vivyo hivyo, kioo cha dirisha la nyumba au gari huzuia sehemu fupi ya miale hii na kuipitisha ile ndefu. Neno miale ya urujuanimno linayakusanya yote hayo. Neno jua haliwezi.

KUUNGUA, MZIO, WEKUNDU

Tumekwisha kusema kwamba madhara ya lupusi hukawia. Kuungua hakukawii. Aliyeungua hujua ameungua. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa asiungue na jua ni kumfundisha kwamba, maadamu ngozi haijauma jioni hiyo, amepona salama. Tena, Waafrika wengi huamini kwamba ngozi nyeusi haiungui, na ni kweli kwamba melanini hutukinga kwa kiasi kikubwa. Lakini melanini haimtoshelezi mwenye lupusi, kwa kuwa miale michache inayopenya yatosha kuamsha vita tulivyovieleza. Neno kuungua linamfanya ajione kwamba yeye si miongoni mwa wanaoonywa.

Hapa yafaa kuwatenganisha wagonjwa wa lupusi na ndugu zetu wenye ualbino. Elimu ya kuwakinga wenye ualbino na jua imeenea nchini, na mafuta ya kukinga ngozi yanatengenezwa Moshi kwa ajili yao. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini mfasiri hawezi kuchukua maelekezo yale na kubadilisha jina la ugonjwa tu. Mwenye ualbino hana rangi ya kumkinga, na ngozi yake huungua kwa maana kamili ya neno. Mwenye lupusi ana rangi, ila kinga yake ndiyo imepotoka. Kofia na mikono mirefu huwafaa wote wawili, lakini maelezo ya sababu hayafanani.

Mzio nao haufai. Mzio ni kinga kukichukia kitu cha nje, kama chavua au samaki. Katika lupusi mwanga si adui anayechukiwa. Mwanga hufunua tu seli za mwili, na kinga ikazishambulia hizo. Anayeamini kwamba ana mzio hutafuta vidonge vya mzio dukani, na hupoteza miezi. Tunapendekeza ngozi isiyostahimili mwanga. Ni maneno matatu badala ya moja, lakini hayamdanganyi mtu.

Wekundu ni kosa lililosafiri katika mizigo ya kitabu. Vitabu vilivyoeleza ugonjwa huu viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na juu ya ngozi hiyo upele wa mashavuni huwa mwekundu. Juu ya ngozi nyeusi mahali hapo hufanya weusi uliozidi, au kahawia, au rangi ya zambarau. Na katika aina ya lupusi inayoacha makovu, katikati huwa peupe na ukingo ukawa mweusi, hasa usoni, masikioni na kichwani ambako nywele hunyonyoka. Mgonjwa anayesubiri wekundu atasubiri sana. Hata mhudumu wa afya aliyesoma kwa Kiingereza na kuhudumu kwa Kiswahili aweza kuupita upele huo, akitafuta rangi aliyoisoma. Kuhusu kipepeo hatuna ugomvi: umbo la mabawa mawili juu ya mashavu, na mwili juu ya pua, laeleweka kwa kila mtu.

JINA LA UGONJWA

Yabaki jina lenyewe. Lupus kwa Kilatini ni mbwamwitu, na zamani waganga wa Ulaya waliliita hivyo kila donda lililoonekana kuula uso kama limeng'atwa na mnyama. Wapo wanaotamani kulifasiri. Hatuoni faida. Mgonjwa aliyeambiwa ana ugonjwa wa mbwamwitu atakuwa ameongezewa hofu bila ya kuongezewa maarifa, na huenda akaenda kutafuta chanjo ya kichaa cha mbwa. Libaki lupusi, kwa matamshi yetu.

Lakini hata likiwa limebaki, mfasiri awe macho, kwani jina hilo limepata kubebwa na maradhi mawili. Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1903 kwa kutibu kwa mwanga uliokusanywa maradhi ambayo hasa yalikuwa lupusi ya aina ya vulgaris. Hiyo ni kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa wa vijidudu, wala haina undugu na lupusi tunayoizungumzia. Maradhi mawili, jina moja: lile la kwanza lilitibiwa kwa mwanga, hili la pili huchochewa na mwanga. Mfasiri anayefungua kitabu cha kale na kukuta kwamba lupusi hutibiwa kwa taa, akaliandika, atakuwa ametoa amri ya kumdhuru mtu. Kwa sababu hiyo ile ya Finsen tuiite TB ya ngozi, na neno lupusi tuliachie ugonjwa mmoja tu.

Pana neno jingine linalohitaji uangalifu Kagera kuliko mahali pengine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani humo mwaka 1983. Kabla ya kuwapo istilahi, wananchi waliuita Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyokuja wakati ule kutoka Uganda. Baadaye ikaja UKIMWI, iliyofafanuliwa ama kuwa ukosefu, ama kuwa upungufu wa kinga mwilini, na ikawa moja ya istilahi zilizofanikiwa kuliko zote. Mafanikio hayo yana gharama: katika nyumba iliyozika watu wengi, neno kinga halisikiki peke yake. Mwanamke aliyekonda, mwenye upele na nywele zinazonyonyoka, akisomwa na jirani kwamba ana ugonjwa wa kinga, ameshahukumiwa. Dada tuliyemtaja alikificha kipeperushi chake chini ya godoro kwa sababu ya neno hilo. Haitoshi, basi, kuandika ugonjwa wa kinga. Iandikwe kwa ukamilifu: kinga haikupungua, imeugeukia mwili, tena hauambukizi.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na maofisa wanaotayarisha maelekezo ya afya:

1. Jua kali lisitumike pale inapokusudiwa hatari ya mwanga. Litumike jua la utosi, likifuatwa na maneno: tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, hata kukiwa na mawingu, hata kukiwa na baridi.

2. Saa zote ziandikwe kwa hesabu ya Kiswahili, pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku.

3. Urujuanimno ibaki, ikifafanuliwa kuwa mwanga usioonekana uliopita urujuani. Kwa wagonjwa itumike miale, si mionzi.

4. Badala ya mzio wa jua na kuungua itumike ngozi isiyostahimili mwanga, na msomaji aelezwe kwamba madhara huweza kukawia kwa siku au majuma.

5. Badala ya wekundu zitajwe rangi zinazoonekana juu ya ngozi ya msomaji.

6. Lupusi isifasiriwe, na isitumike kwa TB ya ngozi.

7. Ugonjwa wa kinga uandikwe kwa ufafanuzi kamili.

8. Kila maelekezo yasomwe mbele ya msomaji wa mahali yanapopelekwa kabla ya kupigwa chapa, naye aulizwe: kesho utafanya nini?

HITIMISHO

Hatudhani kwamba istilahi njema itamponya mtu. Dada wa Muleba ana watoto wa kulisha, na rweya haitakatwa nyasi na kamusi. Hawezi kushinda ndani kila siku tangu saa nne hadi saa kumi. Lakini tulipokaa naye tukalifuta jua kali na kuandika jua la utosi, yeye mwenyewe aliipanga siku yake upya papo hapo. Rweya ataipanda alfajiri na kuiacha saa nne. Kazi za kibanja, penye kivuli cha migomba, atazifanya mchana. Na mwavuli, ambao kila nyumba ya Bukoba inao kwa ajili ya mvua, utafanya kazi hata siku isiyo na mvua wala joto. Yote hayo alikuwa na uwezo nayo tangu mwanzo. Hakuambiwa.

Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 iliyoliunda Baraza ililipa jukumu la kukikuza Kiswahili na kuhimiza matumizi yake sahihi. Kwa kawaida usahihi huo hupimwa kwa sarufi na tahajia, na kwa vipimo hivyo kile kipeperushi kingefaulu. Twaomba kipimo kingine kiongezwe, hasa katika maandishi ya afya: kwamba msomaji akilitii neno kama lilivyo, asidhurike. Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, au wanaojua jinsi jua linavyotajwa katika lugha za kwao, wanakaribishwa kutuandikia.